Jiko la Wageni

Kila asubuhi kabla ya shule, Riziki alikoka moto kwenye mafiga, akabandika chungu cha maharage. Lakini Jumamosi hiyo, nyumbani kwao Gitega, mama alimwambia, "Leo washa jiko la mradi. Shangazi yako anakuja."

Loo, jiko hilo la kuni chache walilopewa na mradi! Lilikuwa kama nguo ya sikukuu. Lilitolewa wageni walipokuja, walipoondoka likarudishwa uvunguni.

Shangazi Farida alikuwa mchumi wa mazingira. Alichunguza kama miradi inawapunguzia watu kuni, moshi na gharama kweli, kisha akawashauri wafadhili wa ng'ambo. Alifika na mwenzake wa kazini, Urbano, wakakaa jikoni.

"Mnalitumia kila siku, wifi?" aliuliza.

"Kila siku," mama alijibu bila kupepesa macho.

Shangazi akaliandika jibu hilo.

"Afadhali! Basi keshokutwa nakwenda mkoa wa Muyinga. Tutagawa majiko haya haya huko, tarafa nzima ya Gashoho."

Gashoho! Huko aliishi bibi yake mzaa mama, aliyepanda mlima kutafuta kuni huku mgongo ukimuuma. Naye alipikia chungu, tena kikubwa kuliko chao, na hata chao hakikukaa juu ya jiko hilo. Riziki akaogopa kwelikweli. Akisema, mama ataumbuka mbele ya mgeni. Akinyamaza, bibi ataendelea kubeba kuni. Akamgeukia Shangazi.

"Shangazi, si kweli. Tunapikia mafiga."

"We Riziki!" mama alifoka.

Riziki alileta chungu, akakiweka juu ya jiko. Kikayumba, kikainama upande. Asingekidaka, kingevunjika.

Mama aliinamisha kichwa. "Nisamehe, wifi. Niliogopa nikisema ukweli nitakuharibia kazi."

"Kunificha ndiko kungeiharibu," Shangazi alisema taratibu. "Urbano, safari ya Gashoho ingoje. Tuanze na fundi."

Fundi alipanua mdomo wa jiko. Mwezi uliofuata Shangazi alipeleka majiko ya namna hiyo Gashoho, na chungu cha bibi kikatulia juu ya lake. Bibi akamtumia Riziki kikapu cha maparachichi.

"Nikikua nitafanya kazi kama yako," Riziki alimwambia Shangazi, akimenya moja.

"Umekwisha kuianza. Hesabu zangu zote zinasimama juu ya jibu la kweli. Wengi hudhani uongo mdogo wa kumfurahisha mgeni hauna madhara. Kumbe uongo uliosemwa hapa Gitega, mwanangu, ungebebwa mgongoni na bibi yako kule Muyinga."