Mafuta ya Ng'ombe Kichwani mwa Koko

Kila asubuhi, kabla ya shule, Uwitonze alimsaidia bibi yake, Koko Kampire, kukamua ng'ombe. Kijijini kwao Kirolirwe kuna baridi, na mvuke wa maziwa ulipowapanda usoni, Koko alipenda kutega vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mlima mweusi unatoa maji meupe."

Zamani, baada ya kutega, Koko alikuwa akicheka na kumpigapiga mgongoni ng'ombe wake mweusi. Lakini tangu mumewe afariki, Koko alikuwa amepoa kama jiko la jana. Siku moja alitega, kisha, akiwa amelisahau jibu, akauliza taratibu, "Mutoto, jibu lake njo nini?"

Wiki hiyo Daktari Noëlla alifika kwenye kituo cha afya na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo. Alitaka kujua kama wazee wenye huzuni nzito wanasahau kwa sababu ya huzuni, au ni ugonjwa wa Alzheimer, wa kupoteza kumbukumbu, unaoanza polepole. Aliagiza jambo moja tu: wazee waoshwe nywele, wasipakwe mafuta, kwani mafuta huizuia mashine kupima vizuri.

Uwitonze alimwosha Koko vizuri. Halafu hofu ikamwingia. Je, mashine ikiona kila kitu kichwani, si watu watasema Koko amekwisha, wamtenge na ng'ombe wake? Akachukua kibuyu cha siagi, akampaka nywele zote.

"Ee, unanipamba kama bibi-arusi!" Koko akasema.

Kituoni, Daktari Noëlla alimvika Koko kofia yenye nyaya nyingi. Mistari kwenye skrini ikarukaruka ovyo. Daktari akagusa nywele, vidole vikateleza.

"Koko, ulipaka mafuta?"

"Mafuta?" Koko akashika kichwa. Machozi yakamlenga. "Labda ni mimi. Sikumbuki hata hilo! Kumbe nimefika huko?"

Daktari alikuwa tayari ameshika kalamu aandike kwamba Koko amesahau. Uwitonze akainuka. Akinyamaza tu, Koko ataamini kosa lisilo lake.

"Si yeye, Mama Docteur! Ni mimi nilimupaka siagi. Niliogopa mashine itasoma mawazo yake, watu wamutoe kwa ng'ombe zake."

Daktari akaangua kicheko. "Ingekuwa inasoma mawazo, si ingekuwa imeshakushika wewe na siagi yako?"

Koko naye akacheka, akipangusa macho.

Uwitonze akamwosha tena kwa maji ya moto na sabuni. Safari hii mistari ilitulia. Koko alipofumba macho, mawimbi yakabadilika.

"Yamebadilika! Kwa nini?" Uwitonze akasogea karibu.

"Ubongo hutoa umeme mdogo sana, na macho yakifungwa, ubongo unapumzika na mawimbi hubadilika. Mashine inachora umeme huo, haichori siri," Daktari akasema. "Mawimbi yakiwa ya polepole kuliko kawaida, tunachunguza zaidi. Hiyo si hukumu. Huzuni nayo husahaulisha watu, na huzuni inatibika. Tutaanza kutibu huzuni ya Koko, kisha tutampima tena."

"Na ng'ombe zangu?" Koko akadakia.

"Endelea kukamua, Koko. Mjukuu awe karibu nawe."

Kisha Daktari akamgeukia Uwitonze. "Umeficha kwa upendo, najua. Lakini ukinificha ukweli, nitamtibu Koko mwingine asiyekuwepo, na huyu wako atabaki na ugonjwa wake. Leo umesema kweli. Sasa ninamwona yeye mwenyewe."