Nati za Upande wa Kushoto

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Kulikucha na ubaridi na mawingu membamba, kama pamba iliyochambuliwa kwa haraka, na kule kwenye milima kulikuwa na weusi ambao hakuna aliyeutilia maanani. Jua lilikuwa halijapata nguvu bado, na tayari pikapu ilikuwa imekwama katikati ya mto mkavu, imelalia ubavu wake wa kushoto juu ya jiwe kubwa kama ng'ombe aliyejilaza.

Injini ilizimika. Vumbi likawapita.

"Mzima, baba?" Bonge aliuliza, mikono bado iko kwenye usukani.

"Mzima. Ila nimeulalia mlango kama mke."

Walikuwa watatu kwenye kiti kimoja kirefu. Bonge alikuwa dereva, mtu wa kifua kipana anayejaza nafasi yake na robo ya nafasi ya jirani. Katikati alikaa mkewe, fundi cherehani, mwembamba tangu utoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Dirishani alikuwa Mzee, baba yake Sindano, seremala aliyestaafu lakini mikono yake ilikuwa bado haijapata habari hiyo. Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya vilima kumchukua mama yake Sindano, aliyekuwa huko akimuuguza mdogo wake. Barabara kuu ilikuwa imefungwa, wanatengeneza daraja, ndiyo maana wakapita mtoni.

Walitoka kwa mlango wa kulia, mmoja mmoja, kama watu wanaopanda kutoka kisimani. Sindano aliinama akatazama ubavu ulioumia. Mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Chini yake lile bomba jipya la chuma lilikuwa limekaa juu ya jiwe na kubeba gari zima.

"Limefanya kazi yake," Mzee alisema, na uso wake ukafurahi kama mtu aliyesifiwa mjukuu.

Mabomba yale yalikuwa na wiki moja tu. Safari ya kabla ya hapo, jiwe liliukunja ukingo wa chini ya mlango hadi mlango ukagoma kufunguka, na Mzee akashuka nyumbani kwake kupitia dirisha la gari, majirani wakitazama. Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba gari litafungwa vyuma vya kulinda ubavu.

Dukani kulikuwa na aina mbili. Moja iling'aa, ina ubapa wa kukanyagia, inafungwa kwenye bati la bodi. Nyingine ilikuwa nyeusi, nene, mbaya kwa sura, ina mikono mitatu inayofungwa moja kwa moja kwenye chasisi, yaani mifupa yenyewe ya gari. Sindano alipenda zinazong'aa. Mzee aligonga bomba la kung'aa kwa kifundo cha kidole, likalia kama sufuria. Akagonga jeusi, likanyamaza.

"Hizo nzuri ni za kupandia," muuzaji alisema. "Hizi nyeusi ni za kulalia. Kwani wewe gari lako linapanda au linalala?"

"La mkwe wangu linalala," Mzee alijibu, na Bonge akacheka hadi akashika kaunta.

Wakachukua nyeusi. Kulikuwa na za kuchomelea na za kufunga kwa bolti. Wakachagua za bolti ili wazifunge wenyewe uani. Wakaziinua kwa jeki na magogo, wakapitisha bolti, wakazungusha nati kwa vidole tu, maana matundu ya bamba la kila mkono yalikuwa marefu na bomba lilipaswa kusogezwa mbele na nyuma mpaka likae sawa na mlango. Bonge akakaza upande wa kulia kwa spana kubwa, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akazunguka kushoto, akashika bomba, akaona limekaa vizuri. Ndipo Sindano alipoita kwamba chai iko tayari.

Baada ya chai Mzee alisema si vizuri kuanza kutumia kitu bila kumshukuru Mungu. Wakaweka mikono juu ya boneti, watatu, akaomba kwa muda mrefu, akataja hata tairi. Wakasema amina. Spana zikarudi kwenye mfuko.

Sasa walisimama mtoni, na Mzee alikuwa ameshaitoa ile jeki ndefu ya mkono.

"Tunainua kwa bomba lenyewe," alisema. "Tukiinua kidogo tunajaza mawe chini ya tairi, tunatoka. Mwanangu, niokotee mawe bapa pale."

Bonge alikwenda kukusanya mawe. Mzee akaweka jeki chini ya ncha ya nyuma ya bomba, mguu mmoja ukiwa juu ya ukingo wa jiwe ili apate nguvu, akaanza kupiga mkono wa jeki. Gari likapanda. Chuma kikatoa sauti ya kukoroma.

Sindano aliona bomba likitembea. Halikukunjika wala kukatika, lilitembea tu, kama droo inayovutwa. Jeki ikaruka pembeni, gari likarudi chini kwa kishindo, na Mzee akaketi ghafla mchangani.

Mguu wake wa kulia ulikuwa kati ya bomba na jiwe.

Bonge alikuja mbio, akashika bomba kwa mikono miwili akavuta kama anayetaka kung'oa mti. Gari halikujali.

"Acha," Mzee alisema. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Acha, utajivunja mgongo, tuwe wagonjwa wawili. Jiwe ndilo limebeba gari, mimi nimebanwa tu. Vidole navisikia. Vinacheza."

"Damu?"

"Ipo. Haitiririki."

Ndipo waliposikia ngurumo. Ilitoka juu, kule kwenye weusi wa asubuhi, ikaja ikishuka na mto mkavu kana kwamba inaijua njia. Hakuna aliyehitaji kueleza. Walikuwa wamesimama mahali ambapo maji hupita, na huko juu mvua ilikuwa inanyesha.

Midomo ya Sindano ilikuwa inaomba bila sauti, na huku anaomba alijilaza kifudifudi akaingia chini ya gari. Bonge asingeweza kupita pale hata kwa kulipwa. Yeye aliteleza kama uzi. Aliinua tochi ya garini kuelekea pale mkono wa bomba ulipokutana na chasisi, akagusa nati ya kwanza. Ilizunguka kwa kidole.

Akagusa ya pili. Nayo ikazunguka.

"Bonge," aliita, sauti yake ikiwa tulivu kupita kiasi. "Hizi nati hazijakazwa."

Aligusa na za mikono mingine miwili.

"Zote za kushoto. Zimepigwa bandi tu, mshono wa muda. Hii ni nguo ya bandi, mmeivaa mkaenda nayo harusini."

"Nilimwachia baba amalizie," Bonge alisema polepole. "Nilikaza kulia. Nikasema moyoni, huku kushoto amalizie mkubwa. Haikuwa adabu mimi nifunge kazi yote kama vile hayupo."

Mzee alifumba macho.

"Na mimi nilipita pale nikatamani kuzishika," alisema. "Nikasema, nikichukua spana kijana ataona simwamini. Nikaiacha."

"Halafu tukaomba," Sindano alisema kutoka chini ya gari.

"Halafu tukaomba," Mzee alikubali.

Mtu angeweza kulia hapo, lakini Bonge alitoa sauti fulani, na Mzee naye, na kwa muda mfupi wanaume wawili walikuwa wanacheka huku mmoja amebanwa mguu na ngurumo ikiwaendea. Kisha Mzee akakunja uso na kicheko kikaisha.

"Sikilizeni. Bomba limeteleza mpaka mwisho wa matundu, haliwezi kwenda tena. Likazwe hapohapo lilipo, hata kama limepinda. Likishika, jeki itashika. Lakini kwanza mawe. Jaza chini ya chasisi, mwanangu, mbele na nyuma, gari lisije likamlalia binti yangu."

Bonge alibeba mawe ambayo siku nyingine yangehitaji watu wawili. Aliyasukuma chini ya gari, akayagonga kwa jiwe jingine mpaka yakabana. Kisha akalala ubavu, akampa mkewe spana na akashikilia kichwa cha bolti upande wa nje.

"Anza ya katikati," Mzee alisema.

Sindano alikaza. Mkono haukuwa na nafasi ya kuzunguka. Alipata robo ya mzunguko, anaitoa spana, anairudisha, robo nyingine. Mchanga uliingia mdomoni. Nati ya kwanza ilikataa kusogea zaidi, na furaha aliyoipata hakuwahi kuipata kwa gauni lolote alilomaliza kushona.

"Imeshika."

"Una hakika? Ijaribu tena," Mzee alisema.

"Baba, nimesema imeshika."

"Na mimi nimesema ijaribu tena. Leo hakuna kuoneana aibu."

Aliijaribu. Ikapata robo nyingine. Akaendelea na iliyofuata.

Alikuwa kwenye mkono wa mwisho wakati tumbo lake lilipohisi baridi. Maji yalikuwa yamefika, membamba, rangi ya chai, yakisukuma majani makavu mbele yake. Yalipita chini yake kwa upole, kama mgeni anayebisha hodi.

"Maji," alisema.

"Tumeyaona," Bonge alijibu. "Kaza."

Alikaza. Vifundo vya vidole vilichubuka na hakuvisikia. Nati ya mwisho ilipogoma alisukuma spana kwa kiganja, kisha kwa kisigino cha mkono, kisha Bonge akapenyeza mkono wake mnene hadi kwenye bega na kuongeza kidogo. Sindano akatoka akitambaa, nguo nzima imelowa.

Safari hii Bonge ndiye aliyepiga jeki, na Mzee akiwa ameketi kwenye maji yaliyofika kiunoni mwake alilitazama bomba bila kupepesa. Pigo moja. La pili. Chuma kilikoroma tena.

Bomba halikutembea.

Gari likapanda upana wa kidole, halafu wa viwili. Sindano alimshika baba yake kwapani akavuta, na mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Kuanzia kifundo hadi nusu ya muundi ngozi ilikuwa imechanika, nyama inaonekana, lakini mguu ulinyooka alipouambia unyooke.

Sindano alifungua chupa ya maji ya kunywa ili aoshe jeraha.

"Usiyamalize," Mzee alisema kwa mazoea.

"Maji yanakuja, baba," Bonge alisema. "Mengi tu."

Walimfunga jeraha kwa kitambaa cha bitana, wakamwingiza garini, wakajaza mawe chini ya tairi la kushoto na kuangusha jeki. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Bonge aliweka gia ya chini, akaliachia gari lijilegeze lenyewe kwenye jiwe. Bomba jeusi lililala juu ya mwamba na kuteleza mbele kwa mlio mrefu uliowakereketa meno, rangi yake ikibaki kwenye jiwe, na hakuna bati lililoguswa. Tairi la nyuma likakamata. Wakapanda ukingo gari likiwa limeinama, mawe yakiruka, mpaka pua ya gari ikaona anga.

Bonge hakusimama hadi walipofika kwenye ardhi ngumu, juu kabisa. Waligeuka. Mto ulishuka wote kwa pamoja, kahawia, ukibeba matawi na mti mzima wenye mizizi. Lile jiwe la ng'ombe lilifunikwa, wakawa hawajui tena lilikuwa wapi.

Mzee alivua kofia.

"Mungu wetu," alisema, "tulikushukuru kwa kazi ambayo hatukuwa tumeimaliza. Leo tumeimaliza. Asante kwa kutusubiri."

Alipanga kuongeza, ilionekana, lakini akabaki akiizungusha kofia mikononi, na mkwewe akasema amina mapema kumsaidia.

Alasiri walifika. Mama alikuwa barazani pamoja na mdogo wake, mama mdogo wa Sindano, anayetembea sasa kwa fimbo. Alimwona mumewe akishuka na kiatu kimoja, akamwona bintiye mwenye tope hadi kwenye nyusi, akawaketisha wote kabla ya kuuliza. Walipomaliza kusimulia aliendelea kuuosha mguu wa mumewe kwa maji ya uvuguvugu na chumvi.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mlitaka kuniachia ujane kwa sababu ya adabu."

Mama mdogo alikohoa ili asicheke.

"Basi semeni. Hapa, kwa sauti, na sisi tunasikia."

Bonge alisimama. Kiti kilimng'ang'ania kidogo, kisha kikamwachia.

"Mbele ya mama, na mama mdogo, na mke wangu," alisema. "Kazi yoyote nitakayofanya na baba, nitamwambia kwa mdomo wangu nimekaza nini na nini sijakaza. Na akija kukagua nyuma yangu, sitanuna."

Wote wakamgeukia Mzee. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa, akashika bega la mkwewe na kuinuka hivyohivyo.

"Na mimi naahidi mbele yenu," alisema, "nitakagua. Hata ukiwa umekasirika, mwanangu, nitachukua spana na kukagua. Na kabla sijakagua, sitasema amina."