Sindano ya Masikio

Nyumbani kwa Limi, pale Nyahanga mjini Kahama, watu walizungumza kwa kupaza sauti. Mpita njia angedhani wanagombana. Hawakuwa wanagombana. Edson, mume wa Limi, hakuwa akisikia vizuri.

Edson alifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha lilinguruma kutwa nzima. Kwa miaka mingi alisimama kando yake bila kitu chochote cha kukinga masikio. Mwanzoni masikio yalivuma jioni tu, akitoka kazini. Baadaye mlio ukabaki humo humo.

"Ni kama nyenje wameingia kichwani," alimwambia Limi. "Wanalia nikila. Wanalia nikiwa kanisani."

Alianza kuwa mkali. Binti yao Vumilia akiangusha kijiko, baba alifoka. Kisha alijuta. Limi alimwekea mafuta ya moto, akamwekea kitunguu saumu. Haikusaidia kitu.

Siku moja mtu aitwaye Cornel alifika karashani. Alivaa koti jeupe. Aliwakusanya wafanyakazi.

"Nimeleta dawa mpya ya mlio wa masikio," alisema. "Bado iko kwenye majaribio. Nyie mna bahati. Mtaipata bure kabla ya watu wa Dar es Salaam."

Abdulshakur, mwenye karasha, alimpa chumba cha stoo. Edson alirudi nyumbani akitabasamu.

"Ni dawa gani?" Limi aliuliza.

"Ya majaribio."

"Jina lake?"

"Hakusema."

"Na ikikudhuru?"

"Mama Vumilia, niache! Wewe huna nyenje kichwani."

Limi akamwacha. Naye alitamani mumewe apone.

Edson akaanza kuchomwa sindano kila siku. Siku ya kwanza, kabla ya kuchomwa, Cornel alimwelekezea simu.

"Sema umepona," alimwambia.

"Lakini hujanichoma bado."

"Ni kumbukumbu yetu tu. Sema."

Edson akasema.

Wiki ya pili ilipoanza, Edson aliinuka kwenye kigoda akaona kuta zinazunguka. Alitembea akiyumba kama mlevi, naye hanywi pombe. Nyenje walikuwa wamegeuka filimbi. Sikio la kushoto halikusikia tena hata simu ikiita.

Limi alimpigia Cornel.

"Hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi," Cornel alijibu. "Aendelee." Akakata simu.

Jioni ile jirani yao Safiya, mama yake Hamza, alikuja. Safiya alikuwa muuguzi wa kitengo cha masikio katika hospitali moja ya mkoa wa Shinyanga. Alikuwa ameshika simu mkononi.

"Shikamoo, Mama Hamza," Limi alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama hii video. Imetumwa kwenye kundi letu la akina mama. Huyu si Baba Vumilia?"

Alikuwa yeye. "Nilisumbuliwa na mlio masikioni," Edson alisema kwenye video. "Nimechomwa dawa ya Daktari Cornel. Nimepona kabisa." Chini yake palikuwa pameandikwa: Agiza sasa.

Limi aliitazama ile video. Kisha akamtazama mumewe. Edson alikuwa anashika ukuta ili afike chooni. Hasira ikampanda.

"Amepona? Huyu ndiye aliyepona?"

"Amechomwa nini?" Safiya aliuliza.

"Hatujui! Makoye, mwenzake wa karashani, aliokota kichupa kimoja. Karatasi yenye jina imebanduliwa."

Safiya alitikisa kichwa. "Asichomwe tena hata moja. Kesho asubuhi tunaenda wote hospitali. Zipo sindano zinazoua masikio. Na mtu akiyumba hivi, si jambo la kusubiri."

Hospitalini, daktari alimchunguza Edson ndani ya masikio. Kisha akamweka kwenye chumba chenye utulivu, akamvisha vipokea sauti. Kila aliposikia sauti, Edson alibonyeza kitufe. Mara nyingi hakubonyeza. Limi alikuwa akimtazama kupitia kioo, na machozi yakamtoka.

"Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti," daktari aliwaeleza. "Kelele za karasha zimeviharibu vya kwako taratibu. Sindano zile huenda zimeharibu vingine. Vikifa, haviwi hai tena."

"Hakuna dawa ya kuondoa huu mlio?" Edson aliuliza.

"Ukisababishwa na nta au ugonjwa fulani, tunatibu hicho chanzo. Lakini mlio kama wako, mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyothibitishwa kuuondoa. Wataalamu wanajaribu dawa, ni kweli. Kujaribu dawa si kosa."

Limi aliinuka kwenye kiti. "Kama si kosa, basi Cornel naye hana kosa? Mume wangu amekuwa kiziwi!"

"Kaa, Mama Vumilia," Safiya alisema. "Jaribio la kweli halianzi kwa sindano. Linaanza kwa kukueleza. Unaambiwa dawa ni nini, inaweza kukufanya nini, na kwamba huenda isikusaidie. Unapewa muda wa kufikiri. Unakubali mwenyewe kwa saini yako, na unaweza kujitoa wakati wowote. Ukidhurika, wanakutibu. Na lazima wawe na kibali cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha mamlaka ya dawa. Kuna mtu aliyekuambieni hayo?"

"Hakuna."

"Basi lile halikuwa jaribio. Lilikuwa tangazo la biashara, na masikio yenu ndiyo yaliyolipa."

Safiya alitoa taarifa kwa mamlaka ya dawa. Lakini Limi hakuweza kukaa nyumbani kusubiri. Kesho yake alikwenda karashani. Wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni mbele ya stoo. Makoye alikuwa wa tatu.

"Ondokeni hapo!" Limi alipaza sauti. "Cornel, toka nje! Waambie dawa yako inaitwaje."

Cornel alitoka na tabasamu. "Mama, mambo ya utafiti ni ya kitaalamu. Huwezi kuyaelewa."

"Naelewa jina la kitu. Kila dawa ina jina. Taja!"

Cornel aligeuka kuufunga mlango wa stoo.

"Kibali chako kiko wapi? Mume wangu amenisimulia. Ulimwambia aseme amepona kabla hujamchoma. Njoo umwone alivyopona. Hawezi kuvuka uani!"

Makoye alitoka kwenye foleni. "Yaya," alisema kwa Kisukuma. Hapana. "Mimi sichomwi." Wengine wakamfuata.

Abdulshakur alifika mbio. "Mama Vumilia, mimi nilitaka kuwasaidia hawa vijana."

"Kuwasaidia? Ulikuwa na chumba cha kumpa mgeni asiyejulikana. Vikinga masikio hukuwa navyo! Masikio yao yanasagika pamoja na mawe yako, nawe unawaletea mtu wa kuwamalizia!"

Abdulshakur aliinamisha macho.

Wakaguzi wa mamlaka ya dawa walifika na polisi siku hiyo hiyo mchana. Ndani ya stoo walikuta maboksi ya sindano za kutibu maambukizi makali. Ni dawa halali ikitolewa na daktari kwa mgonjwa anayeihitaji. Lakini huweza kuharibu masikio, na mlio haitibu. Cornel hakuwa daktari. Alikamatwa na kupelekwa mahakamani.

Pale karashani mambo yalibadilika. Abdulshakur alinunua vikinga masikio vya kila mfanyakazi. Injini ikajengewa ukuta. Watu wakaanza kupokezana, mtu asikae kwenye kelele kutwa. Wafanyakazi wakapimwa masikio, na Makoye alipopimwa tena baadaye, masikio yake hayakuwa yamezidi kuharibika.

Kizunguzungu cha Edson kilipungua polepole. Sikio la kushoto halikurudi. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia kwa sikio la kulia. Safiya alimfundisha kuwasha redio kwa sauti ya chini anapolala, ili mlio usisikike peke yake. Nyenje wapo, lakini sasa hawamtawali. Na nyumbani watu wanazungumza taratibu, wakimtazama usoni.

Mwaka uliofuata, daktari wa masikio alimwita Edson pamoja na mkewe. Palikuwa na mtafiti kutoka Mwanza. Mtafiti aliwaonyesha kibali. Alitaja jina la dawa inayojaribiwa. Alieleza madhara yake. Alisema wengine watapewa kidonge kisicho na dawa, ili kulinganisha. Alisema huenda isimsaidie Edson hata kidogo.

"Na akidhurika?" Limi aliuliza.

"Tutamtibu, na gharama ni zetu. Namba ya kupiga ni hii."

Walipewa siku za kufikiri. Waliporudi, Edson alisema, "Asante, lakini hapana."

"Hakuna shida," mtafiti alijibu. "Tunakushukuru. Matibabu yako hapa yanaendelea kama kawaida."

Walipotoka nje, Limi alisimama ghafla. Hasira ilikuwa imempanda upya.

"Umeona?" alisema. "Amekuuliza, ukakataa, na hakuna kilichoharibika. Ni maneno machache tu. Cornel naye alishindwa nini kutuuliza?"