Koo la Anyelo

"Kwaaa!"

Anyelo Paredes hakugeuka. Mrushaji wa besiboli hahitaji kugeuka. Rungu likilia vile, mpira umeshavuka ukuta, sasa ni wa watazamaji. Uwanja wa nyumbani ukanyamaza, kikabaki kicheko kimoja tu, cha Braudilio Mateo, mpigaji wa timu ya wageni. Wawili hao walikulia mtaa mmoja kule kwao Dominikana, San Pedro de Macorís. Sasa Braudilio alikuwa akizunguka uwanja kwa mwendo wa bwana harusi.

"Kaka, mkono umelala?" akamrushia maneno akipita.

Kuna kitu Anyelo alikuwa amekiona. Wapigaji wote humwangalia mkono. Leo, Braudilio alikuwa akimwangalia shingo.

Kocha akaja taratibu, akanyoosha kiganja.

"Nipe mpira, kijana. Wanakusoma. Sijui wanasoma nini, ila wanakusoma."

"Nipe mechi moja tu, kocha."

"Nilikuambia hii ndiyo ya mwisho. Kesho unashuka timu ya chini."

Ndoto ya tangu utotoni, imekwisha kwa kunyoosha kiganja!

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alijifunika taulo, na sauti ya mkewe ikamrudia. Enzi za uchumba, Yudelka alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama akifanya mazoezi.

"Ukitaka kurusha mpira wa kupinda, unameza mate," alimwambia siku moja. "Koo linapanda, linashuka."

"Usimwambie mtu!"

"Nimwambie nani? Koo lenyewe ni langu."

Hakuna kocha aliyewahi kuligundua hilo. Wala kamera. Mpigaji angelijua, angejua mpira gani unakuja.

Jioni akafika nyumbani, taulo shingoni. Wadominikana ndivyo walivyo: mwenzao akija kucheza ugenini, hata kama kakutandika mchana, jioni anakula kwako. Yudelka alikuwa ameponda ndizi mbichi, akakaanga salami na jibini. Braudilio alikuwa ameshaketi, tena kwenye kiti cha Anyelo.

"Pole, kaka. Mchezo ni mchezo. Shemeji kapika balaa!"

"Mpenzi, mbona taulo?" Yudelka akauliza. "Unaumwa?"

"Nina kitu nakificha."

Braudilio akacheka, mdomo umejaa ndizi.

"Mwache, Yude! Anaogopa nitalisoma koo lake hata mezani!"

Kijiko kikamponyoka Yudelka. Kicheko cha Braudilio kikakatika.

"Rudia," Anyelo akasema polepole.

"Utani tu, kaka."

"'Yude' ni jina nililompa mimi, tukiwa wawili. Na koo langu hata mama hajui habari zake. Yudelka?"

"Sikumwambia ili akupige," akasema, machozi yakimtoka. "Mwaka jana, nilipobaki San Pedro kwa mama yako nasubiri viza ya kukufuata huku. Wewe kila siku hoteli, ndege, hoteli. Simu hupokei. Nikakuona kwenye televisheni, nikalia. Nikasema, huyu namjua hadi anavyomeza mate. Na Braudilio alikuwa kulekule San Pedro anauguza mguu. Alikuwepo."

"Alikuwepo wapi?"

"Pembeni yangu."

"Kwenye kochi la mama yangu?"

Yudelka akainama kuokota kijiko.

"Jibu, Yudelka."

"Siyo kwenye kochi."

Anyelo akashika ukingo wa meza. Ngumi ilikuja, akaimeza. Mkono ule ndio chakula chake, hakuwa tayari kuuvunja kwenye taya la mtu huyu.

"Kaka, tuongee kiume," Braudilio akaanza kuinuka.

"Kaa ule. Mgeni hatoki kwangu na njaa."

Akaingia chumbani, akatoka na begi.

"Unakwenda wapi?" Yudelka akamshika mkono.

"Ninakoshushwa. Kwenye mabasi ya usiku kucha na viwanja vya vumbi."

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa na upweke."

"Na mimi nilikuwa nao. Ila wako hukuula peke yako."

"Nitakufuata."

"Usinifuate. Dunia nzima ni wewe tu uliyenijua hivyo, Yudelka. Ndicho kinachoniua."

Mkono wa Yudelka ukalegea, ukaachia. Anyelo akalivua taulo, akaliweka juu ya sahani ya Braudilio. Akainama hadi pua zikakaribiana, akameza mate kwa makusudi. Koo likapanda, likashuka.

"Umeliona?"

Braudilio akaangalia pembeni.

"Nitapanda tena. Siku tutakayokutana uwanjani, nitameza mate mbele yako hivihivi, na wewe utausubiri wa kupinda. Nakuahidi, Braudilio, mbele ya mke wangu: utakuja wa kasi, umenyooka kama msumari. Na rungu lako halitalia."