Kuna Chozi Hapo

Dunia alifyeka shina la mwisho la shubiri, akasimama kujinyoosha. Uwanja wa nyumba yao ya Bangwe sasa ulikuwa safi, tayari kwa wageni wa Jumamosi.

"Wewe Dunia!" Dada yake Merina alikuwa ndiyo kwanza anarudi shuleni, begi bado mgongoni. "Asubuhi nilikwambia nini?"

"Ulisema nisiguse shubiri, kuna chozi. Nikajua ni utani wako. Chozi la nani? Nani alikuwa analia?"

"Chozi ni ndege, mjinga wewe!"

Alimvuta mkono mpaka barazani. Kwenye kamba ya kuanikia nguo kulining'inia kitu kama takataka: majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui. Ndani, vifaranga wawili walikuwa wameachama. Mama yao alitua palipokuwa na maua mekundu ya shubiri, akaruka, akatua tena. Hakupata kitu.

"Kumbe huyo? Mimi namwita ndege wa maua."

"Na maua yako wapi? Akihama, hawa wanakufa. Umewaua wewe!"

"Si ungenionyesha! Unatupa neno mlangoni, halafu unakimbia!" Dunia alifoka hivyo kwa sababu alijua kwamba asubuhi alicheka badala ya kuuliza.

"Leo hata shikamoo hakuna?" Mama aliingia na beseni la dagaa kutoka Kibirizi. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. "Hayo maua yako wapi?"

"Nimeyarundika pale, niyachome."

"Mengine hayajachanua. Yasimamishe kwenye ndoo ya maji, karibu na kiota. Na utando wa buibui hapa barazani usiufagie. Ndiyo kamba ya huyo ndege ya kujengea, na buibui ndio chakula cha watoto wake."

Walijaza ndoo maji, wakayasimamisha maua. Baadaye chozi alirudi, akazamisha mdomo wake uliopinda kwenye ua moja, kisha jingine. Akadaka mdudu, akaenda kuwalisha vifaranga. Dunia alitabasamu. Merina bado alikuwa amenuna.

"Dunia," Mama alisema, "neno usilolijua, uliza. Nawe Merina, ukimwagiza mtu, hakikisha amekuelewa. Hasira zilizobaki zimalizieni kwenye jembe."

Wakachimba mashimo kando ya uzio, ya kupanda machipukizi ya shubiri waliyoyachambua kwenye lile rundo. Giza likaingia wakiwa hawajafika hata nusu ya uzio.

"Kesho utaniamsha, dada?"

"Jiamshe mwenyewe." Merina aliegemeza majembe mawili ukutani, akayafunika machipukizi kwa gunia bichi.