Kisutu Kilichofukiwa Golini

"Kifukue!"

"Siwezi."

"Kifukue sasa hivi, Jabiri, kabla mpira haujaanza!"

"Mwamvita, punguza sauti. Wazungu wale pale wanapanga viti."

"Wapange! Mama yangu anatetemeka kitandani tangu juzi, mie niogope viti?"

Jabiri akamvutia nyuma ya jukwaa jipya la mbao. Rangi haijakauka, ikamshika begani. Uwanja wa Ilala wote bendera: Kenya, Uganda, Unguja, Tanganyika. Leo mechi ya kombe, Tanganyika na Unguja, na kipa wa Tanganyika ni yeye, kijana wa Chang'ombe.

"Nani kakwambia?"

"Beki wako, Kasimiri. Yeye angalau ana haya."

Mambo yalikuwa hivi. Fundi Mwishehe, mganga wa timu, alimwambia Jabiri alete kipande cha nguo ya mwanamke anayempenda, nguo iliyolala mwilini, kikafukiwe katikati ya goli. Mpira hautapita. Ila kikikaa sana udongoni, mwenye jasho lake anapoa, anapoa, mpaka anazimika. Jabiri akaenda Temeke kwa kina Mwamvita, akaona kisutu, kanga ya harusi yao, kwenye kamba uani, akachana pindo, akasepa.

"Kwa hiyo ulitaka kunifukia mie," Mwamvita akasema.

"Kwa muda tu! We kijana, una nguvu zako."

"Basi hukunifukia mie. Usiku wa kabla hujakichana mama alisikia baridi, akajifunika kile kisutu. Jasho ni lake."

Jabiri akageukia goli. Bi Mwanakombo! Mama aliyepokea posa yake bila kuuliza kwao wana nini. Mama anayemwekeaga ukoko wa wali chini ya kawa.

"Ni homa tu. Mbu hao."

"Kama homa tu, kifukue basi. Unaogopa nini?"

Jabiri akainama kufunga viatu.

"Kipenga cha mwisho kikilia, nakitoa. Naapa."

"Na akifa mapumziko?"

Upande wa pili bendi ikaanza kupiga. Wachezaji wakaitwa.

"Jabiri, nakuomba. Mama yangu yule."

"Mpira ukiisha," akasema, akakimbilia uwanjani.

Siku hiyo alidaka, wee! Mipira ya Unguja inakuja imeshiba, yeye anaipokea kama anapakata mtoto. Watu wanapiga kelele, "Jabiri! Jabiri!" Yeye hasikii raha. Kila akiruka anaogopa atatua pale palipofukiwa. Kila akidaka anaona kifua cha mama yule kinashuka, hakipandi.

Kasimiri akapita karibu.

"Umekitoa?"

"Cheza mpira."

"Yule mama ametupikia wote, Jabiri."

"Nimesema cheza mpira!"

Tanganyika moja, Unguja bila. Watu wakamnyanyua juu juu, akajichomoa, akapiga magoti golini, akachimba kwa kucha kama mbwa. Watu wakacheka, wakajua furaha imempanda kichwani. Akafumbata kile kipande, akadandia baiskeli ya mtu, mbio mpaka Temeke.

Kufika, akaitupa baiskeli. Mkekani nje ya nyumba, kina mama wamekaa, kanga vichwani.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia chini chini.

Mwamvita akatoka mlangoni.

"Mama...?" Jabiri akauliza.

"Anakunywa uji. Hawa wamekuja kumjulia hali. Nimerudi kutoka uwanjani nikamkuta jasho limemtoka, homa imemwachia. Na kipande chako kingali udongoni."

Jabiri akacheka mpaka machozi.

"Si nilikwambia? Homa tu! Kumbe Mwishehe muongo!"

"Ulijua muongo?"

"Eh?"

"Pale golini, uliposimama juu ya mama yangu. Ulijua Mwishehe muongo, au uliamini?"

Jabiri akatazama udongo kwenye kucha zake. Angeweza kudanganya. Ulimi ukagoma.

"Niliamini."

"Uliamini anakufa, ukadaka."

"Nchi nzima ilikuwa inaniangalia, Mwamvita!"

"Unajua alipofumbua macho aliniuliza nini? 'Mwanangu Jabiri ameshinda?'"

Kwa mbali, upande wa Chang'ombe, watu walikuwa wanakuja na ngoma, wanaliimba jina lake.

"Mie nimekosa. Lakini Ijumaa si ndoa yetu? Watu wamealikwa..."

"Kisutu chenyewe umekichana."

"Nitakununulia kingine!"

"Cha kumfukia nani?"

Mwamvita akakichukua kile kipande mkononi mwa Jabiri, akakikung'uta udongo, taratibu, hadi nyekundu yake ikaonekana. Halafu akageuka, akapita katikati ya kina mama wale, akaingia ndani.