Msikilizaji wa Mchana

Waliokuwa wakisikiliza ni wawili, waliojibu ni watatu. Hapo ndipo pa kuanzia, na mtu asiniambie nirudi nyuma, maana hata Mwatima mwenyewe alipoyasimulia alianzia hapo. Alisema "Paukwa!" Mwanawe Tabia akajibu "Pakawa!" Mama mkwe wake, Bi. Mize, akajibu "Pakawa" shingo upande. Kisha kutoka kwenye ngazi, taratibu, kama mtu aliyechelewa swala ya jamaa, ikaja "Pakawa" nyingine.

"Mwangwi huo," alisema Mwatima.

"Ndiyo, mwangwi," Bi. Mize alikubali, lakini alivuta kanga akajifunika miguu.

Ulikuwa mwaka ule wa homa, miaka michache baada ya Mapinduzi. Gari la vipaza sauti lilipita mitaani likiwaambia watu wakae majumbani. Skuli zilifungwa, vyuo vya Kurani vilifungwa, harusi ziliahirishwa, na maiti walizikwa na watu wachache waliojifunga vitambaa puani. Jaku, mume wa Mwatima, alikuwa amekwenda Pemba kwa kazi ya karafuu, na meli zikasimamishwa yeye akiwa huko huko. Nyumbani wakabaki wanawake peke yao: Mwatima, mshoni wa nguo, Tabia, mtoto wa miaka saba, tena wa pekee, na Bi. Mize, mamake Jaku, mtu wa Tumbatu mwenye ulimi wa pilipili, aliyekuja mjini kutembea tu homa ikamfungia mlango.

Nyumba yenyewe ilikuwa Sokomuhogo, moja ya zile kubwa za mawe na chokaa. Wenyewe waliondoka wakati wa Mapinduzi, na watu wakagaiwa vyumba. Jaku akapata viwili vya juu. Vya chini vilikuwa ghala lililotiwa kufuli. Wenye nyumba walichukua walichoweza kubeba, na vitabu havikuwamo. Vilibaki vimejipanga kwenye madaka ya ukutani, vinakula vumbi. Mwatima tangu skuli ukimwekea biriani na riwaya ataanza na riwaya, lakini cherehani ilikuwa haijampa nafasi. Sasa cherehani imelala. Nani anashona nguo ya sikukuu na mji una homa?

Akavishusha vyote mkekani, akavifuta kimoja kimoja.

"Hiki kina wezi wawili wajinga," alimwambia Tabia.

"Wanakamatwa?"

"Wanakamatwa mwisho."

"Basi sikitaki, nshajua."

"Hiki cha ufugaji wa kuku."

"Mama!"

"Na hiki cha mapenzi."

"Weka chini," alisema Bi. Mize bila kugeuka.

Mwisho akashika chenye jalada la kijani, jina lake limefutika kwa kushikwa sana. Akakifungua, akasoma mistari miwili, akajikuta kashakaa kitako. Ilikuwa riwaya ya mwanamke aliyepotelewa na mtoto wake kisimani. Mtoto akiitwa Zuwena. Mama akawa anakwenda mji kwa mji, anagonga milango, anauliza. Yeye mwenyewe kitabuni hakupewa jina. Kila mtu akimwita Mama wa Zuwena.

"Hicho hicho," alisema Tabia.

Bi. Mize alibenua mdomo. "Riwaya ni uongo uliopigwa chapa. Na kama lazima msome uongo, someni usiku. Kwetu hadithi haitolewi mchana, abadan! Usiku watu wako majumbani mwao, unamjua anayekusikiliza. Mchana hujui nani anapita."

"Usiku kwa taa hii ya chemli nitapofuka, mama."

"Basi usiseme paukwa. Hicho kitabu, si ngano. Ukisema paukwa unafungua mlango."

Lakini Tabia bila paukwa hasikilizi, na Mwatima kwa Tabia alikuwa hana kauli. Kwa hiyo kila siku, adhuhuri ikishaswaliwa, jua likiwa utosini na mtaa mzima kimya, hata paka wamelala, walikaa mkekani na paukwa ikasemwa. Na kila siku ile pakawa ya ngazini ilikuja, na kila siku ilikuja kutoka karibu zaidi. Baadaye vikaanza vikuku. Vililia kidogo tu, vya miguuni, vya fedha nzito, kama mtu anayekaa vizuri ili asikie. Ikafuata na harufu ya udi, lakini udi uliorowa, uliochanganyika na chokaa mbichi. Mwatima alikwenda kutazama ngazi. Hapakuwa na mtu. Akarudi akajiambia ni homa ya mji inayowatia watu wahaka.

Siku moja Tabia alisinzia katikati ya usomaji, na Bi. Mize alikuwa jikoni anachambua mchele. Mwatima akanyamaza ili asimwamshe mwanawe. Nyuma ya mlango, sauti ya kike, ya upole, ikauliza:

"Na mtoto je? Kampata?"

Mwatima alifunga kitabu kwa mikono miwili. Alikirudisha dakani, akakisukuma mpaka nyuma kabisa, akasema hakuna tena kusoma katika nyumba hii. Jioni ile ile Tabia akapata homa.

Daktari alitoa vidonge, akasema mtoto apewe maji mengi, na vidonge vikaliwa na maji yakanywewa na homa ikapanda vile vile. Mtoto aliwaka. Macho yakaingia ndani, midomo ikapasuka, na kila adhuhuri alianza kuweweseka akitaka hadithi. Mwatima akavumilia akashindwa. Alikichukua kitabu, akakaa kitandani, mkono mmoja juu ya paji la uso wa mwanawe, akaanza kusoma pale alipoachia. Na alivyokuwa akisoma alihisi paji lile likipoa chini ya kiganja chake, pole pole, ukurasa kwa ukurasa. Aliponyamaza ameze mate, moto ukarudi.

Basi akasoma. Akasoma mpaka sauti ikakauka, akinywa maji ya tangawizi na kuendelea, na vikuku vikawa vinalia mle mle chumbani sasa, mara dirishani, mara miguuni pa kitanda. Alitaka kukisoma taratibu kisimalizike, lakini kitabu hata ukikivuta vipi kina mwisho wake. Akageuza karatasi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Mama!" alimwita mkwewe. "Nani kachana kitabu?"

Bi. Mize akasimama mlangoni. "Niliwashia seredani," alisema. "Siku zile mlipoanza kukisoma. Makaa yalikuwa yamelowa, na hadithi yenyewe siipendi. Nkasema nichane huku mwisho, ife upesi. Wallahi sikujua, mwanangu. Sikujua."

Akalia. Bi. Mize, ambaye hakulia hata alipozika mumewe, alikaa juu ya kizingiti akalia kwa ajili ya kurasa za riwaya. Kisha akajifunga kanga akatoka, homa au si homa, akaenda kumwita Mwalim Simai.

Mwalim Simai alikuwa akiishi kichochoro cha pili, mzee mfupi, mtu wa kusomea wagonjwa na kuwaandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji zikanywewa. Alikuja na kitambaa puani na chupa ya kombe mkononi. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akautoa.

"Sipandi," alisema kwa sauti ndogo. "Ngazi ina mtu."

Mwatima alishuka nusu. Wakazungumza hivyo, yeye juu na Mwalim chini, wananong'ona kama wezi.

"Huyu yupo hapa kabla ya hizi kuta," alisema Mwalim. "Wenye nyumba walikuwa wakimfukizia ubani kila Alkhamisi, naye akitulia. Nyie hamkumfukizia. Badala yake mumemfungulia hadithi, tena mchana. Ni jike, Mwatima, na hana mtoto. Hilo ndilo baya. Mumemsomea mwanamke anayetafuta mtoto, naye kajiona yeye."

"Nifanye nini, Mwalim? Mtoto ananifia."

"Mmalizie leo adhuhuri. Kurasa hazipo, tunga mwenyewe. Mwambie Zuwena alikufa, mama akamzika, akarudi kwao. Mwenye msiba akishazika huondoka." Akampa chupa. "Mnyweshe hili mwanao. Na nisikilize vizuri. Usimpe mtoto. Jini ukimpa kitu kwa mdomo, atakuja kukichukua kwa mkono."

Adhuhuri ikafika. Bi. Mize alishika chetezo kinachofuka ubani, midomo inamcheza kwa dua. Tabia alikuwa amelala, amekunywa kombe, pumzi zake fupi fupi. Mwatima alifungua kitabu palipochanwa, ili mikono iwe na cha kushika.

"Paukwa," alisema.

"Pakawa," ilijibu sauti, na haikutoka kwenye ngazi wala mlangoni wala dirishani, ilitoka pale pale kitandani, upande wa pili wa mtoto, na godoro likadidimia kama mtu mzima aliyekaa.

Mwatima akaanza. Alitunga, akasema kwamba Mama wa Zuwena alifika mji wa mwisho, mji ambao watu wake walikuwa wamejifungia majumbani, na akagonga nyumba ya kwanza wakamfukuza, akagonga ya pili hawakufungua, mpaka akafika nyumba moja kubwa ya mawe, akaambiwa ndani mna mtoto wa kike amelala, hajulikani kwao ni wapi, mgonjwa, na akapanda ngazi, na alivyokuwa akipanda vikuku vyake vililia, na Mwatima hakujua kwa nini alivitaja vikuku ila alivisikia, na harufu ya udi uliorowa ikajaa mpaka ubani wa Bi. Mize haukunukia tena, na mama yule akasukuma mlango, akasogea kitandani, akainama amtazame mtoto.

Hapo ndipo pa kusema kafa. Neno lilikuwa ulimini tayari.

Tabia akafumbua macho. "Mama," alisema. Mkono wake uliowaka ukautafuta wa Mwatima, ukaukamata. "Zuwena kafa?"

"Sema," Bi. Mize alinong'ona. "Mwatima, sema kafa, yakwishe!"

"Kafa, mama?"

Nani angesema? Niambieni mliozaa. Mwanao amelala mbele yako, mgonjwa, miaka yake ile ile ya mtoto wa kitabuni, anakutazama anangoja umwambie kama watoto wagonjwa hufa. Mwatima aliukaza mkono ule wenye moto.

"Hajafa," alisema. "Hajafa, mwanangu. Mamake alimkuta mzima. Akamkumbatia, akalia kwa furaha, akamwambia, nimekupata, simama twende kwetu. Na hadithi yangu ikaishia hapo."

Ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Godoro likainuka. Vikuku vikavuka chumba, vikatoka, vikashuka ngazi moja moja mpaka havikusikika, na harufu ile ikafuata nyuma yake. Mwatima alipomgusa Tabia, mtoto alikuwa amerowa jasho na mwili wake wa baridi. Homa ilikuwa imekatika. Alilala usingizi mzuri mpaka alfajiri, na Bi. Mize alisujudu sijda ya shukurani mpaka magoti yakamuuma.

"Mwalim naye mtu, hukosea," alisema Bi. Mize. "Si kaondoka? Kaondoka."

Asubuhi ile redio ilisema wagonjwa wamepungua mjini na meli za Pemba zitaanza tena. Jua lilipokaribia utosini Mwatima alikipeleka kitabu kile jikoni, akakichana mwenyewe, akawashia seredani, akapika uji wa mtama kwa nazi, ule anaoupenda Tabia. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, uso umerudi rangi, nywele zimechanwa vizuri, na Mwatima hakumbuki lini alizichana. Akaupokea uji kwa mikono miwili.

"Ahsante, Bi. Mwatima."

Mwatima alicheka. "Bi. Mwatima ndo nani? Ndo mmeshakuwa wakubwa, mnaniita jina?"

Tabia hakucheka. Alimtazama kwa adabu, kama anavyomtazama jirani aliyemkaribisha ndani kwa siku nyingi, akanywa uji wake mpaka ukabaki wa chini. Mwatima alimwita jina lake. Alimwita tena, kwa sauti zaidi. Mtoto hakugeuka, hata jicho halikumcheza. Nje muadhini alikuwa anaadhini adhuhuri.

Kwenye ngazi vikuku vililia.

"Zuwena!" ikaita sauti, ya upole, ya mama asiyetaka kumshtua mtoto.

"Naam, mama!" Tabia aliitika.

Aliweka bakuli chini, akapangusa mdomo, akashuka kitandani akatafuta viatu vyake. Bi. Mize alipiga ukelele jikoni. Mwatima alimrukia mwanawe akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na ndani ya mikono yake mtoto alisimama tu, wala hakujitoa, akingoja aachiwe, kama alivyofunzwa kuwasubiri watu wakubwa. Kisha akainua uso.

"Uji wako mtamu, Bi. Mwatima," alisema. "Lakini niache. Mama kanifuata, nnakwenda kwetu."